Kufeli Somo Moja: Historia ya Madaraja ya Shahada kutoka Cambridge hadi Dar es Salaam

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayefeli somo moja katika mwaka wa mwisho hukabiliwa na maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa yakawa moja: kama atapata shahada, na kama akiipata itakuwa ya daraja gani. Asili ya maswali haya ni mbalimbali. Swali la daraja ndilo kongwe, nalo lilizaliwa Cambridge na Oxford kati ya miaka ya katikati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, vyuo hivyo vilipoanza kuwapanga wahitimu wao kwa ubora badala ya kuwatambua wote kwa usawa. Swali la kupata au kukosa shahada kwa sababu ya somo moja ni changa zaidi, kwa kuwa lilihitaji kwanza shahada yenyewe igawanywe vipande vinavyohesabiwa kimoja kimoja, jambo ambalo katika vyuo vya Uingereza na vile vilivyorithi mfumo wake lilienea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kanuni zinazotumika leo katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zimeziunganisha hesabu hizi mbili zisizokuwa za ukoo mmoja, na sehemu kubwa ya utata unaomkuta mwanafunzi aliyefeli somo moja inatokana na muungano huo.

Cambridge ndiko ulikoanzia utaratibu wa kuwapanga wahitimu kwa alama. Kwa karne nyingi mwanafunzi wa huko alipimwa kwa mijadala ya mdomo iliyoendeshwa kwa Kilatini, lakini katika karne ya 18 mijadala hiyo ilipoteza uzito, na nafasi yake ikachukuliwa na mtihani wa hisabati uliofanyika katika jumba la baraza la chuo na ambao baadaye ulijulikana kama Mathematical Tripos. Orodha ya waliofaulu kwa heshima ilianza kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 1740, na kuanzia mwaka 1753 iligawanywa katika makundi matatu: wa juu waliitwa Wrangler, wa kati Senior Optime, na wa mwisho Junior Optime. Ndani ya kila kundi majina yalipangwa kwa mfuatano wa ubora, hata aliyeongoza orodha nzima, yaani Senior Wrangler, akawa mtu mashuhuri nchini kabla hajafanya kazi yoyote ya maana. Wale ambao hawakuingia katika orodha hiyo walipata shahada ya kawaida, ambayo ilikuwa shahada halali kabisa ila haikubeba neno heshima.

Namna hesabu hiyo ilivyofanywa inastahili kutazamwa kwa makini, maana ni tofauti sana na ile ambayo msomaji wa leo angeitarajia. Watahini walijumlisha alama za karatasi zote bila kuweka kiwango cha chini ambacho kila karatasi ilipaswa kufikia. Francis Galton, katika kitabu chake Hereditary Genius cha mwaka 1869, aliandika kuwa katika mtihani mmoja wa aina hiyo, ambao jumla ya alama zake ilikuwa 17,000, Senior Wrangler alipata 7,634, aliyemfuatia akapata 4,123, na wa mwisho katika orodha ya heshima akapata 237 tu. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba aliyeshika nafasi ya kwanza hakufika nusu ya alama, na kwamba wa mwisho aliyetunukiwa heshima alikuwa na chini ya alama 2 katika kila 100. Katika mfumo wa namna hiyo, kufeli karatasi moja kulikuwa sawa na kukosa alama ambazo karibu kila mtu alizikosa. Mtihani ulikuwa mgumu kwa makusudi ili uwatenganishe watu, na swali lililoulizwa lilikuwa nani amemzidi nani, wala si nani amefikia kipimo.

Mashindano hayo yalikuwa na utani wake. Aliyeshika mkia wa kundi la Junior Optime alipewa na wenzake kijiko kikubwa cha mti siku ya kutunukiwa shahada, na desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1909, ambao ulikuwa wa mwisho kwa majina ya wahitimu wa hisabati kutangazwa kwa mfuatano wa nafasi. Tangu hapo Cambridge ilitangaza makundi pekee, na ndani ya kundi majina yakapangwa kwa alfabeti. Watu waliacha kushindania nafasi ya kwanza, lakini mipaka kati ya madaraja ikawa na uzito mkubwa kuliko awali, kwa sababu umbali kati ya wawili waliopakana mpakani, ambao zamani ulikuwa wa hatua moja katika orodha ndefu, sasa ulikuwa wa daraja zima.

Oxford ilifuata njia yake. Sheria ya mitihani ya mwaka 1800 ilianzisha heshima kwa waliotaka kujipambanua, na mwaka 1807 mtihani huo ukagawanywa kuwa wa aina mbili, mmoja wa fasihi, historia na falsafa ya Wayunani na Warumi, na mwingine wa hisabati na fizikia, kila mmoja ukiwa na madaraja yake. Robert Peel, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa wa kwanza kupata daraja la kwanza katika mitihani yote miwili, mwaka 1808. Daraja la nne liliongezwa mwaka 1830. Kilichoitofautisha Oxford na Cambridge zaidi ni kwamba watahini wake hawakupenda kujumlisha alama. Kila karatasi ilipewa herufi ya Kiyunani, alfa kwa iliyo bora, beta kwa ya wastani, gama kwa dhaifu, kisha watahini wakakaa pamoja na kuutazama mkusanyiko wa herufi za kila mtahiniwa ili waamue yeye ni mtu wa daraja gani. Alfa kadhaa ziliweza kumwokoa mtu mwenye gama moja, lakini palikuwa na kikomo, kwa kuwa aliyeacha eneo zima la mtihani tupu hakuweza kutetewa na ubora wake kwingineko.

Waliokutana na kikomo hicho hawakuwa wote wajinga. John Henry Newman, ambaye baadaye alikuwa kardinali wa Kanisa Katoliki, alifanya mtihani wake mwaka 1820 akiwa amechoka kwa kusoma kupita kiasi. Jina lake halikuonekana katika orodha ya hisabati, na katika fasihi ya kale likawekwa sehemu ya chini ya daraja la pili, lakini miaka miwili baadaye Chuo cha Oriel kilimchagua kuwa mmoja wa wanazuoni wake. Kisa kilicho na mafunzo zaidi ni cha mshairi na mtaalamu wa Kilatini A. E. Housman, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo cha St John's. Mwaka 1879 alipata daraja la kwanza katika mtihani wa katikati ya masomo, uliopima lugha na fasihi. Mtihani wa mwisho, uliofanyika mwaka 1881, ulidai pia historia ya kale na falsafa, masomo ambayo aliyapuuza huku akitumia muda wake kusahihisha maandishi ya washairi wa Kirumi. Karatasi zake za falsafa zilikuwa na maandishi machache mno kiasi kwamba watahini walimfelisha kabisa, bila hata kumpa daraja la chini kabisa.

Housman alirudi Oxford na kukamilisha masharti ya shahada ya kawaida tu, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali ya hataza huko London kwa takriban miaka 10, huku jioni akiandika makala za kitaalamu. Alipoomba uprofesa wa Kilatini katika Chuo cha University College London, mwaka 1892, alitaja wazi katika barua ya maombi kwamba alishindwa kupata heshima katika mtihani wa mwaka 1881. Akapewa kazi hiyo, na mwaka 1911 akawa profesa wa Kilatini Cambridge. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama faraja kwa waliofeli, lakini mwanahistoria wa mitihani ana jambo jingine la kuangalia. Housman hakufeli somo moja kwa maana ya leo, kwa sababu hapakuwa na masomo yaliyohesabiwa mbalimbali. Alikuwa na mtihani mmoja mkubwa wenye karatasi nyingi, na udhaifu wa upande mmoja ulipozidi kiasi uliangusha mtihani wote. Wala hapakuwa na kurudia karatasi chache tu baada ya miezi michache ili kuiokoa heshima.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa karne ya 19 zilikuwapo hesabu mbili za kuamua daraja, ile ya jumla iliyotoka Cambridge na ile ya mkusanyiko wa karatasi iliyotoka Oxford, na zote mbili zilisafiri kwenda makoloni kupitia chuo cha tatu. Chuo Kikuu cha London kilipewa hati yake mwaka 1836 kikiwa chombo cha kutahini, si cha kufundisha, na mwaka 1858 kikafungua mitihani yake kwa watu ambao hawakuwa wamesoma katika chuo chochote kinachotambuliwa. Baada ya Tume ya Asquith kutoa ripoti yake kuhusu elimu ya juu katika makoloni mwaka 1945, utaratibu huo ulipewa sura mpya: vyuo vya Ibadan, Legon, Khartoum, Makerere na vinginevyo viliingia katika uhusiano maalumu na London, ambapo walimu wa chuo husika walifundisha na kushiriki kutunga na kusahihisha mitihani, lakini mihutasari na viwango vilihitaji ridhaa ya London, na shahada ilitoka kwa jina la London. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia katika uhusiano huo mwaka 1949, na wanafunzi wake wa kwanza walipata shahada za London mwaka 1953. Mwaka 1961 Chuo cha Dar es Salaam kilianza kwa kufundisha sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho mkuu wake alikuwa Julius Nyerere. Kilipovunjwa mwaka 1970 na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake, ngazi za daraja la kwanza, daraja la pili la juu, daraja la pili la chini, pamoja na desturi ya kuwaalika watahini wa nje, zilibaki kila mahali.

Inafaa kukumbuka kuwa Nyerere mwenyewe alihitimu Edinburgh mwaka 1952 kwa shahada ya kawaida, ambayo katika mapokeo ya Uskochi ilikuwa shahada pana ya masomo kadhaa iliyoheshimika, wala haikuchukuliwa kama adhabu ya aliyeshindwa kupata heshima. Uskochi iliitunza maana hiyo kwa muda mrefu. Uingereza yenyewe haikufanya hivyo, na huko shahada ya kawaida iligeuka polepole kuwa mahali pa kuwaweka waliopungukiwa.

Hesabu ya tatu ilitoka Marekani. Charles Eliot, aliyeanza kuongoza Harvard mwaka 1869, aliwapa wanafunzi uhuru mkubwa wa kuchagua masomo, na uhuru huo ulileta ulazima wa kupata kipimo cha kulinganisha masomo yasiyofanana. Kipimo kilichopatikana ni krediti, yaani kiasi cha kazi kinachohesabiwa kwa muda, na shahada ikawa jumla ya krediti za kutosha. Uingereza iliipokea fikra hii kwa kuchelewa. Chuo Kikuu Huria cha nchi hiyo, kilichopewa hati mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kilitoa shahada ya kawaida kwa krediti 6 na shahada ya heshima kwa krediti 8, kila krediti ikiwa kozi nzima ya mwaka. Kuanzia miaka ya 1980 vyuo vingine navyo viligawa miaka yao ya masomo katika vipande, na hatimaye ukakubalika mpango ambao mwaka mmoja ni krediti 120, shahada ya heshima ya miaka mitatu ni krediti 360, na krediti moja inakadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza.

Hapo ndipo kufeli somo moja kulipopata maana ambayo Housman asingeielewa. Katika hesabu ya krediti kila somo ni deni linalojitegemea. Asiyefaulu somo amepungukiwa na krediti zake, na ubora wake katika masomo mengine haulipi deni hilo peke yake. Vyuo vya Uingereza, ambavyo vilikuwa vimezoea watahini kusamehe karatasi dhaifu ndani ya mtihani mzima, viliona ukali huu na kuweka kanuni za fidia, yaani ruhusa ya kupewa krediti za somo ulilofeli kwa tofauti ndogo ikiwa wastani wako kwa jumla ni mzuri. Kwa kawaida alama ya kufaulu ni 40, fidia haishuki chini ya 30 au 35, idadi ya krediti zinazoweza kufidiwa ina kikomo, na masomo ya lazima ya fani kama udaktari na uhandisi mara nyingi hayasamehewi. Asiyestahili fidia hurudia mtihani, na alama ya marudio huzuiwa isipite 40 hata kama ameandika vizuri kiasi gani.

Mfano wa tarakimu unaonyesha jinsi hesabu zile kongwe zinavyoendelea kuishi ndani ya kanuni hizi. Tuseme mwanafunzi wa Uingereza alipata wastani wa 58 katika mwaka wa pili, na mwaka wa tatu ana masomo sita ya krediti 20 kila moja, ambayo angeyapata yote kwa 65. Ikiwa mwaka wa tatu unahesabiwa kwa uzito wa theluthi mbili, wastani wake wa mwisho ungekuwa 62.7, nao ungempa daraja la pili la juu, ambalo huanzia 60. Akipata 32 katika somo moja na chuo kikamfidia, wastani unashuka hadi 59. Akirudia na kupata 40, unafika 59.9. Katika njia zote mbili jumla inamwacha chini ya mpaka, ingawa kwa marudio ni kwa sehemu moja tu ya kumi ya alama. Chuo kinachotazama mkusanyiko wa masomo, kwa namna watahini wa Oxford walivyotazama herufi zao, kingesema kwamba krediti 100 kati ya 120 za mwaka wa mwisho ziko katika daraja la pili la juu, na kingempa daraja hilo bila kusita. Mwanafunzi ni yuleyule na alama ni zilezile. Kamati iliyoongozwa na Robert Burgess ilipochunguza mfumo huu iliona, katika ripoti yake ya mwaka 2007, kwamba daraja moja la jumla halitoshi kueleza alichokifanya mhitimu, ikapendekeza kila mhitimu apewe ripoti pana ya mafanikio yake; ripoti hizo zilikuja, lakini madaraja hayakuondoka.

Tanzania ilipitia mabadiliko hayo kwa mkondo wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka uzito wa mitihani ya maandishi upunguzwe na kazi za mwaka mzima zihesabiwe, na alama za kazi hizo zimebaki katika vyuo, ambapo mgawanyo uliozoeleka ni 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani. Mfumo wa mihula ulioingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1990 ulienda pamoja na kugawa masomo katika kozi fupi zenye mitihani yake. Daraja likaanza kuamuliwa na wastani wa pointi, unaojulikana kwa herufi GPA: gredi A ina pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1 na E haina kitu, pointi hizo huzidishwa kwa uzito wa kozi, hujumlishwa kwa miaka yote, kisha hugawanywa kwa jumla ya uzito. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na ufaulu wa kawaida 2.0. Aliyepata D au E hufanya mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu, na gredi ya juu anayoweza kupata hapo ni C.

Kwa hesabu hii mwaka wa mwisho hauna uzito wa ziada, na hiyo ni tofauti kubwa na Uingereza. Kozi ya krediti 12 katika shahada ya krediti 360 ni sehemu moja ya 30, hivyo mwanafunzi ambaye angepata A lakini akafeli na kutoka na C ya sapu amepoteza pointi tatu za sehemu hiyo, yaani 0.1 ya GPA, iwe kozi hiyo aliifanya mwaka wa kwanza au wa tatu. Kinachoufanya mwaka wa tatu kuwa mchungu ni muda. Aliyefeli sapu mwaka wa kwanza au wa pili anaweza kuibeba kozi, yaani kuifanya tena sambamba na masomo ya mwaka unaofuata, ilhali aliyeko mwaka wa mwisho hana mwaka wa kuibebea. Kama kozi hufundishwa mara moja kwa mwaka, atasubiri zamu yake irudi, wenzake wakiwa wamekwisha kuvaa majoho na yeye akibaki bila cheti, bila nakala kamili ya matokeo, na bila sifa ya kuomba kazi inayotaka mhitimu.

Hasara ya 0.1 huonekana ndogo mpaka inapokutana na mpaka. Matangazo ya kazi za ualimu msaidizi katika vyuo vikuu vya Tanzania yamezoea kudai GPA isiyopungua 3.8, na masomo ya uzamili huwa na kiwango chake. Makerere, iliyokuwa chuo kimoja na Dar es Salaam hadi mwaka 1970, huanzisha daraja la pili la juu kwenye 3.60, la pili la chini kwenye 2.80, na huhesabu desimali mbili. Nairobi imebaki na asilimia, yaani 70, 60, 50 na 40. Dar es Salaam huhesabu desimali moja, na kanuni zake hazikadirii bali hukata. Mwanafunzi aliyekuwa akielekea kwenye 3.55, akafeli kozi ya krediti 12 aliyotarajiwa kuipata kwa B+ na akaipata kwa C ya sapu, atakuwa na 3.483, kwa kukadiria kwa desimali moja namba hiyo ni 3.5 na daraja lake ni la pili la juu, lakini kwa kukata inakuwa 3.4 na daraja lake ni la pili la chini. Kuzuia gredi ya sapu kwenye C kunaweza kutetewa, kwa kuwa kunalinda haki ya aliyefaulu mara ya kwanza. Kukata desimali hakumlindi mtu yeyote, na vyuo vinavyoendelea nako vinapaswa ama kukuacha, ama kuchapa GPA kamili pembeni ya daraja katika cheti cha kila mhitimu.